Ngoma, marimba, filimbi au kinanda: shule ya msingi Bagamoyo tuanze na kipi?

Mwl_Kaole
Wadau, habari za jioni. Ni darasa la tano, wanafunzi 45, kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki na saa moja ya klabu Ijumaa baada ya masomo. Umeme darasani hakuna. Kamati ya shule imekubali kununua aina moja tu ya ala mwaka huu: filimbi za plastiki (rekoda), marimba mbili, seti ya ngoma, au kinanda cha umeme. Tunataka watoto wapande jukwaani angalau mara mbili kwa mwaka, na wajue kusoma nota, wasikariri tu. Mnashauri nini, na kwa nini?

Sauti_ya_Pili
Kinanda kitoe kwenye orodha, mwalimu. Mmoja anapiga, 44 wanatazama. Na kwa hewa hii ya chumvi, vyuma vya sehemu ya betri na tundu la waya vinashika kutu upesi.

Kwa kusoma nota hakuna kinachoshinda filimbi, ila kwa sharti moja: kila mtoto awe na yake. Kupokezana ala ya mdomoni ni kupokezana mafua. Iwe inafunguka vipande ili ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kila wiki.

Anza na nota G, A, B, zote za mkono wa kushoto. Ukiita G "do" tayari una d r m (do, re, mi), na nyimbo fupi za watoto zinatosha humo. Dukani geuza filimbi uangalie mgongoni: yenye alama ya B (hapa si nota) ni ya mpangilio wa vidole wa baroki, yenye G ni ya mpangilio wa Kijerumani. Chukua ya B. Ile ya Kijerumani inarahisisha F, lakini F ya kupandishwa inatoka kombo, na hiyo ndiyo "ti" yako ukiwa umeifanya G kuwa do.

Ikipiga kelele kali, usikimbilie kumwambia mtoto apulize polepole. Angalia kwanza kidole gumba: tundu la nyuma likivuja kidogo, sauti inaruka juu. Ikiziba katikati ya wimbo ni mate. Afunike dirisha la juu (tundu la mraba karibu na mdomo) kwa kidole, apulize kwa nguvu mara moja.

Dunda_Mwambao
Naheshimu filimbi, lakini hapo ni Bagamoyo. Watoto wanapita nje ya TaSUBa, chuo cha sanaa, wanasikia ngoma, halafu darasani wapewe plastiki? Vumi 1 (ngoma ya sauti nzito), msondo 1 (ngoma ndefu), chapuo 3 (ngoma ndogo), manyanga jozi 4 na njuga: kundi la kwanza linapiga, la pili linacheza, la tatu linaimba. Kila dakika 10 wabadilishane. Wote 45 wana kazi.

Wasiguse ngoma wiki mbili za kwanza. Miguu ihesabu mbili, mikono ipige tatu ndani ya muda uleule. Asiyeweza kwa mwili hataweza kwa ngozi. Kosa la kila siku ni kukimbiza mdundo wimbo ukinoga. Mpe manyanga mtoto mtulivu kuliko wote, na wengine wamfuate yeye, si mwenye vumi.

Kitakachowasumbua ni unyevu. Ngozi ya mbuzi inalegea asubuhi ya mawingu na sauti inakuwa bubu. Anika juani. Jua lisipokuwepo, pasha kwa moto wa makuti makavu, ngoma ikizungushwa bila kusimama, mkono mwingine ukipapasa ngozi: ikiwa ya moto hadi kiganja kinakwepa, umepitiliza, itachanika. Usiiweke sakafuni usiku, itundike.

Fundi_Vibao
Marimba inafanya kazi zote mbili, mdundo na nota, ila usinunue ya mbao mbichi. Mninga uliokauka vizuri hausogei sauti; mbichi, miezi michache kila kibao kina lake.

Kabla ya kulipa, pima kamba inapopita. Kibao kisishikwe nchani wala katikati, bali karibu asilimia 22 ya urefu kutoka kila ncha. Cha sentimita 36, kamba iwe kwenye sentimita 8. Ikikosewa, kibao kinatoa "ko" kavu badala ya kuimba. Kikiwa juu mno, kichonge chini katikati. Kikiwa chini mno, punguza ncha. Kidogokidogo, maana mbao hairudi.

Bomba la plastiki la inchi mbili la kukuza sauti chini ya kibao cha C ya kati, lililozibwa chini, liwe kama sentimita 32. Kwa kuanzia toa vibao vya fa na ti. Zikibaki d r m s l, watoto watatu kwenye marimba moja hawagongani masikioni hata wakikosea.

Na usichanganye na ilimba ya Kigogo, ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ile aliyoitangaza marehemu Hukwe Zawose. Sauti zake haziko kwenye do-re-mi ya kinanda, na kuzilazimisha ni kuziharibu.

Mwl_Kaole
Nashukuru sana. Marimba mbili kwa watoto 45 naona bado foleni. Nikichukua ngoma, nota nizifundishe kwa njia gani?

Sauti_ya_Pili
Kwa koo, mwalimu. Nakubaliana na Dunda kwa hesabu hiyo. Ngoma kununua, kwaya ni bure: tonik solfa (do-re-mi kwa herufi) ubaoni dakika 10 kila kipindi, mstari mmoja mpya. Angalizo kwa walimu wa kiume: ukianzisha wimbo kwa sauti yako ya chini, watoto watanguruma au watapiga kelele. Pata sauti ya kuanzia kwenye filimbi moja, na wimbo wote ukae kati ya C ya kati na D ya oktava inayofuata juu. Kuimba kwa sauti mbili kuje baadaye, kwanza kwa kufuatana, kundi la pili likiingia mstari mmoja nyuma.

Dunda_Mwambao
Jukwaa lako la kwanza ni Siku ya Mtoto wa Afrika, 16 Juni, la pili mahafali ya darasa la saba. UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, ina kwaya na ngoma pia. Ukitaka kuingia, chukua mwongozo wa mwaka husika kwa afisa utamaduni wa halmashauri mapema, ujue idadi ya washiriki na muda kabla hujachagua wimbo. Maikrofoni ikiwa moja, iweke mbele ya waimbaji, ngoma zikae nyuma hatua sita au saba.