Njumu za Nassor (kikundi: Ukoo wa Sahare)

JUMATANO

18:02 Hemed Rotterdam: Asalaam aleykum ukoo. Jambo ni moja na nataka liishe leo. Nassor ana siku tisa haendi mazoezini. Kocha kamtoa namba tisa, mfungaji wa mbele, kampeleka beki mbili, ulinzi wa kulia, mtoto kavua jezi kakaa nyumbani. Tuchange njumu mpya, na kila mtu humu amwandikie neno. Naanza mimi, elfu hamsini.

18:09 Hemed Rotterdam: Kassim, Saumu, Baba Zai, naona mmeshasoma.

18:15 Kassim Muheza: W/salaam. Njumu na beki mbili vinahusiana vipi? Za namba tisa zimekufa?

18:40 Mama Nassor: Zimekufa. Ya kushoto kaifunga na waya. Kaka ana haki kusema.

18:44 Hemed Rotterdam: Nassor, najua unasoma humu kimya kimya. Nakuandikia habari za Dirk Kuyt. Mtoto wa mvuvi kama mama yako alivyo mtoto wa mvuvi. Kwao ni Katwijk, pwani ya Bahari ya Kaskazini. Kaanza na Quick Boys, timu ya ridhaa ya pale pale kijijini, 1998 akachukuliwa na Utrecht, 2003 akaja hapa kwetu Feyenoord. Msimu wa 2004/05 kafunga magoli 29, mfungaji bora wa ligi nzima ya Uholanzi. Sasa niambie, mtu wa magoli 29 si namba tisa kamili?

18:47 Hemed Rotterdam: 2006 akaenda Liverpool. Fainali ya Ulaya 2007 kule Athens kafunga kwa kichwa dakika ya 89, wakalala 2-1 kwa Milan. Juni hiyo hiyo baba yake akafariki. Msimu uliofuata akaja mshambuliaji Torres, kati pakapata mwenyewe. Kocha Benítez akamweka Kuyt winga ya kulia. Na kazi yenyewe haikuwa winga ya kupiga chenga. Apande, ashuke, amsaidie beki wake, apande tena, dakika tisini. Hakuvua jezi. Mechi 285 kwa Liverpool, magoli 71.

18:52 Kassim Muheza: Yule mwenye nywele kama makumbi ya nazi?

18:52 Zai: 😂😂😂

18:53 Kassim Muheza: Nilikuwa nikiona zile nywele nakumbuka godoro la Bi Mdogo

18:54 Zai: Lile la kunguni 😂😂😂 mjomba Kassim utatuua

18:55 Hemed Rotterdam: Kassim. We wa Manchester United. Tarehe 6 Machi 2011, Anfield, uwanja wa Liverpool, aliwapiga matatu peke yake. 3-1. Nilikuwa nawe kwa simu usiku ule, ukakata.

18:57 Kassim Muheza: Chaji iliisha

18:58 Hemed Rotterdam: Na hayo matatu Nassor yatazame vizuri. La kwanza mwenzake Suárez kapita watu, Kuyt kausukumia wavuni mlangoni kabisa. La pili Nani, winga wa Manchester, kaurudisha mpira nyuma kwa kichwa, Kuyt yupo. La tatu kipa kautema, Kuyt yupo. Ni kuwepo tu! Watu wanaona goli jepesi, hawaoni mbio zilizomfikisha pale.

19:20 Hemed Rotterdam: Mbona kimya? Mchango bado elfu hamsini yangu tu. Dada tuma bei.

19:33 Mama Nassor: Dukani elfu tisini na tano. Nzuri kidogo.

19:41 Hemed Rotterdam: Sasa 2014, hii ndiyo naitaka iingie kichwani. Kombe la Dunia Brazil. Kuyt ana miaka 33, anakaribia mechi ya 100 ya taifa. Kocha wa Uholanzi, Van Gaal, akamwambia utacheza beki wa pembeni kushoto. KUSHOTO, na yeye mguu wake ni wa kulia. Akacheza na Chile hapo. Halafu Mexico, Fortaleza, jua linachoma mpaka mechi inasimamishwa watu wanywe maji. Ndiyo mechi yake ya 100. Kaanza beki kushoto, akahamishwa beki kulia, mwisho kapelekwa mbele kabisa. Nafasi tatu ndani ya mchezo mmoja. Wako nyuma 1-0 mpaka dakika ya 88, Sneijder akasawazisha, Huntelaar akamaliza kwa penalti. 2-1.

19:44 Hemed Rotterdam: Na penalti zilipokuja nani alitumwa? Costa Rica, ya nne na ya mwisho, Kuyt, ndani. Argentina, Vlaar na Sneijder wamekosa, Kuyt kafunga ya kwake. Walitolewa lakini ya kwake iliingia. Kocha haumpi mpira ule mtu asiyemwamini.

19:58 Baba Zai: Hemed umeandika sana. Mimi nauliza moja. Mwaka ule nilipoitwa Morogoro kwenye majaribio, mimi pia nilikuwa na njumu za waya. Nani alinichangia?

20:01 Hemed Rotterdam: Kaka hayo si ya leo.

20:03 Baba Zai: Ya lini? Ngalawa iliuzwa. Haikuuzwa kwa njumu zangu. Iliuzwa kwa tiketi ya mtu, na huyo mtu leo yuko Rotterdam anatufundisha mpira.

20:04 Mama Nassor: Jamani.

20:06 Hemed Rotterdam: Ujumbe huu umefutwa

20:31 Zai: Babu kanisomesha yote tangu juu. Kasema niandike anavyotamka, nisiongeze.

20:36 Zai: "Rajabu. Ngalawa ilikuwa yangu. Niliichonga mimi, nikaiuza mimi. Sikumwuliza mtu siku ile, na leo sitaki kuulizwa. Baharini nimekaa miaka arubaini. Nimeshika usukani, nimepandisha tanga, nimekaa mrenguni, nimekumba maji. Siku moja tu nilikataa kukumba maji, nikasema mimi nahodha. Athumani hakurudi. Nassor aje kwangu Ijumaa baada ya swala. Aje peke yake, simu aiache. Hemed, punguza maneno, mtoto hazibwi masikio kwa pamba tu."

21:14 Baba Zai: Shikamoo baba. Nimesikia.

21:15 Hemed Rotterdam: Shikamoo baba. Nimesikia.

21:22 Kassim Muheza: Natuma elfu kumi.

22:50 Saumu: Nimeona jina la Athumani, kuna msiba??

22:51 Zai: Hapana shangazi, soma juu

22:58 Saumu: Nitasoma kesho macho yananiuma. Njumu za nani?

ALHAMISI

06:10 Nassor: Shikamooni wote. Mjomba Hemed nimesoma. Huyo Kuyt alitaka mwenyewe kuhama namba, au aliambiwa?

06:31 Hemed Rotterdam: Aliambiwa mwanangu. Mara zote mbili aliambiwa.

06:32 Nassor: Na hakurudi tena mbele?

06:35 Hemed Rotterdam: Alirudi. Hii niliiona mwenyewe hapa mjini. Alitoka Liverpool 2012 na kombe la ligi mkononi, akaenda Fenerbahçe ya Uturuki akabeba ubingwa 2014, 2015 akarudi Feyenoord kumaliza. Wakati huo Feyenoord ilikuwa haijachukua ligi tangu 1999. Mei 2017 ilibaki pointi chache, wakafungwa 3-0 na Excelsior, timu ndogo ya mji huu huu. Mji mzima haukulala wiki ile. Jumapili ya tarehe 14, Heracles. Kuyt nahodha, miaka 36. Dakika moja haijaisha kafunga. La pili, la tatu, yote yake, 3-1. Mimi nilikuwa nje ya uwanja, tiketi sikupata, nikalia barabarani na watu nisiowajua. Siku tatu baadaye akasema basi, anastaafu.

06:49 Nassor: Kwa hiyo ilichukua miaka mingapi?

06:52 Hemed Rotterdam: Hesabu mwenyewe. Cha leo ni kwamba Jumamosi una mazoezi. Utakwenda?

07:30 Hemed Rotterdam: Nassor?

08:05 Baba Zai: Mwache kwanza aonane na Babu kesho. Mimi hela sina. Jumamosi nitapita na pikipiki saa kumi na mbili asubuhi. Akitoka nje, nampeleka. Asipotoka naenda zangu kazini.

08:07 Hemed Rotterdam: Ahsante kaka. Ila bado elfu thelathini na tano. Saumu? Dada, agiza tu namba 42, nitamalizia mwisho wa mwezi.

08:11 Mama Nassor: Muuza duka hakopeshi.

12:48 Nassor: Navaa 41.