Tupeane uzoefu: Uji wa wagonjwa wodini, tunapatia wapi na tunaharibu wapi?

Mzee wa Jumuiya
Wakuu, Kwaresima ikiingia kila jumuiya inabeba ndoo kuelekea hospitali. Pasaka ikipita, kimya. Mathayo 25, ile ya kumtazama mgonjwa, tunaisoma wote, lakini watu wanalazwa Julai pia. Leteni utaratibu unaofanya kazi: vipimo, zamu, vyombo, na mahali mambo yanapoharibika. Mahubiri tumeshayasikia Jumapili.

Mama Jikoni
Mgonjwa mmoja, kikombe cha mililita 300. Wagonjwa 60 ni lita 18, lakini pikeni 20 kwa sababu wanaouguza nao wana njaa na hawasemi. Unga gramu 100 kwa lita, kwa hiyo kilo 2. Sukari kilo 1 inatosha, tena iwekwe baada ya kutenga uji wa wenye kisukari kwenye chombo chake chenye alama.

Unga unakorogwa kwanza kwenye maji baridi, lita 4 hivi. Lita 16 zilizobaki zikishatokota ndipo mnamimina taratibu, mwiko hausimami. Wanaomwaga unga mkavu kwenye maji ya moto ndio wanaopeleka madonge: nje yameiva, ndani unga mbichi. Ukishachemka, dakika 20 moto wa wastani. Maziwa mwishoni, nayo yachemke humo humo.

Na jamani, ndoo zilizokuwa na rangi ya kupaka nyumba hapana, hata ziwe zimesuguliwa mwezi mzima. Tumieni chombo cha chakula chenye mfuniko unaobana na kinachotunza joto. Uji wa maziwa uliopoa ukapitisha saa mbili, mwageni.

Mkulima
Ongeza hapo suala la karanga. Wanaosaga karanga kwenye unga wa lishe wachambue punje moja moja: zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi, tupa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu. Unga wa msaada si mahali pa kumalizia mahindi ya chini ya ghala.

Binti Sayuni
Amina kwa hilo la ghala. Sadaka ya makapi!

Nesi Mstaafu
Mnahangaika na madonge, ngoja niwaambie la hatari. Wodi ya upasuaji, asubuhi. Kikundi kinaingia na kanga za sare, kinaimba, kinamimina uji kitanda hadi kitanda. Kitanda cha sita kuna mgonjwa aliyefungishwa kula tangu usiku, anasubiri kupelekwa chumba cha upasuaji. Ana njaa, ana aibu ya kukataa watu wa Mungu, anakunywa. Wabebaji wanafika, daktari wa usingizi anauliza kama amekula, mgonjwa anasema hapana, maana anaogopa kugombezwa.

Sasa sikilizeni kinachoweza kutokea. Dawa ya usingizi inalegeza kila kitu, pamoja na kinga inayozuia chakula kisirudi kooni. Uji unapanda, unaingia kwenye njia ya hewa, unateremka mapafuni. Hapo mtu aliyekuja kwa ngiri anaweza kuishia kwenye mashine ya kupumulia, au asiamke kabisa. Ndiyo maana chakula chepesi kinasimamishwa saa 6 kabla, na uji ni chakula, haumo kwenye hesabu ya maji matupu ambayo ni saa 2. Akisema ukweli pia ni hasara: upasuaji unaahirishwa, na ndugu waliotoka mbali wanalala tena kwenye veranda.

Dawa yake ni dakika tano tu. Kabla ya kufunua ndoo, nendeni kwa muuguzi wa zamu, mpewe orodha ya vitanda: nani asile, nani ana kisukari, nani figo na anapimiwa hata maji, nani analishwa kwa mpira. Wodi ya watoto wenye utapiamlo mkali msiguse kabisa. Wale wanapewa maziwa ya tiba yanayoitwa F-75 kwa kipimo cha uzito, kila saa 2 au 3. Kikombe chenu cha huruma kinavuruga matibabu.

Kwayamasta
Kwani hakuna kibao cha "asile"?

Nesi Mstaafu
Kipo. Kimefunikwa na taulo la mgonjwa.

Kwayamasta
😂 Hapo nimekoma. Sisi tena na ngoma tulikuwa tunaingia nayo.

Mchungaji Kijana
Ngoma wodini? Muombeeni mgonjwa kwa sauti ya chini, na muulizeni kwanza. Kitanda cha jirani yupo Mwislamu, naye anapewa uji ule ule bila sharti la kusikiliza neno.

Mlokole Sugu
Tusione haya Injili! Uji bila neno ni siasa.

Mchungaji Kijana
Mgonjwa aliyelala chali na dripu mkononi hawezi kuondoka. Huyo hujamhubiria, umemkamata.

Binti Sayuni
Na wapiga picha je? Mgonjwa nusu uchi, wewe unarusha kwenye kundi la WhatsApp. Someni Mathayo 6 mwanzo, sadaka si ya kuonyesha watu.

Mlokole Sugu
Wafadhili wanataka ushahidi.

Mhasibu wa Parokia
Ushahidi ni risiti. Pigeni picha ndoo na gunia, sura za watu acheni. Tukiwa hapo: mkitaka kumlipia mtu deni la hospitali, msimpe fedha mkononi. Anzeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo hiyo, huenda anastahili msamaha na mchango wenu ukamfaa mwingine. Kama hastahili, ombeni namba ya kumbukumbu ya malipo, mlipe wenyewe, risiti ibaki kwa katibu.

Mama Jikoni
Fedha mkononi kidogo nayo muhimu. Nauli ya kurudi nyumbani haina namba ya kumbukumbu.

Mkulima
Uji mzuri, ila benki ya damu ndiyo inayolia. Miaka 18 hadi 65, kilo 50 na kuendelea. Wanaume kila miezi 3, wanawake kila miezi 4. Pangeni jumuiya kwa zamu, msiende wote Ijumaa Kuu mkiwa mmefunga. Mtaanguka kama maembe.

Mzee wa Jumuiya
Swali la mwisho kwa Mama Jikoni. Wazee wanashindwa uji mzito, ukiupunguza makali unakuwa maji tu. Inakuwaje?

Mama Jikoni
Kimea. Ulezi unaloweshwa, unaoteshwa, unakaushwa, unasagwa. Pika uji mzito, uache upoe kiasi cha kuonjeka, tia kijiko kimoja cha kimea kwa lita, koroga. Baada ya dakika chache unalegea wenyewe na unga ni ule ule. Kisha uchemshe tena. Ukitia kimea ungali unatokota hakifanyi kazi, na msije kunilaumu.