Tupeane uzoefu: Umewahi kuona bendi ya rock ya watu wawili laivu hapa Glasgow?

Wakuu, habari za jioni. Leo tuache kidogo habari za viza na baridi. Mji huu UNESCO waliupa hadhi ya Mji wa Muziki mwaka 2008, wa kwanza Uingereza, na mwenye macho anaona kwa nini: hata Jumanne ya mvua utakuta watu wamepanga foleni nje ya ukumbi na fulana tu. Nataka visa vya bendi ya aina moja, ile ya watu wawili basi.

Naanza mimi. Nimekulia Temeke, kwenye dansi. Msondo au Sikinde wakipanda jukwaani, kuna gitaa la solo, rizimu, besi, tumba, matarumbeta, na waimbaji wamejipanga mstari mmoja. Sasa siku niliyokwenda kuwaona Royal Blood naangalia jukwaani: dramu, kipaza sauti, maspika yamepangwa nyuma, kwisha. Nikamuuliza mwenzangu, "Wengine wanakuja saa ngapi?" Akacheka tu. Taa zikazimwa, Mike Kerr akatoka na besi, Ben Thatcher akakaa kwenye dramu. Hakuna gitaa la solo, hakuna kinanda. Pigo la kwanza nililisikia kifuani kabla ya masikioni, na suruali ikawa inatikisika yenyewe. Mpaka wanamaliza nilikuwa bado natafuta mtu wa tatu kajificha wapi.

Besi ya Kwaya:
Mtu wa tatu yuko miguuni, mkuu. Mimi napiga besi kanisani, kwa hiyo nilikwenda kuangalia miguu, sio sura. Sauti ya besi ya Mike Kerr inagawanywa. Sehemu moja inakwenda kwenye amplifaya ya besi kama kawaida. Nyingine inapita kwenye pedali zinazoipandisha oktava (noti ileile, ila juu zaidi), inaharibiwa makusudi ikwaruze, halafu inatokea kwenye amplifaya za gitaa. Akikanyaga, unasikia besi na gitaa pamoja. Akiachia, gitaa linakatika ghafla na besi inabaki peke yake, na hapo ndipo unajua ukumbi ulikuwa umejaa kiasi gani. Ila si mchezo: bendi ya watu wengi mmoja akikosea wenzake wanamfunika. Wakiwa wawili, ukikosea umekosea mbele ya watu wote. Jumapili iliyofuata nilijaribu hiyo kitu kwenye pambio, mwalimu wa kwaya akanitazama jicho moja tu, nikazima.

Mama Wawili:
Mimi mwenzenu sikwenda kwa ajili ya bendi ya wawili. Tulikwenda Barrowland, kule Gallowgate, kuona bendi nyingine, na bendi moja ya watu wawili ikawa mfunguzi. Msichana kwenye dramu, kijana na gitaa. Jina limenitoka, lakini ile sakafu siisahau. Ule ukumbi ulijengwa 1934 kwa ajili ya kucheza dansi, ukaungua 1958, ukafunguliwa tena 1960, na sakafu yake ya mbao ina springi chini. Watu wakiruka, na wewe unarushwa, utake usitake. Yule msichana alikuwa anapiga taratibu, kitu kilekile, dum, dum, dum, na watu wa Glasgow wakaanza ule wimbo wao wenye tusi katikati (wenyeji mnaujua). Wafunguzi huwa wanapigiwa huku watu wakinunua bia. Siku ile baa ilibaki na wahudumu tu. Mume wangu, mtu wa taarab, aliloa bia ya mtu mwingine mpaka kwenye soksi, na hakulalamika.

Mzee wa Rizimu:
Naheshimu, lakini mimi nusu saa inanitosha. Rangi ni ileile: kelele, kimya, kelele. Hata wenyewe wanajua. The Black Keys walianza wawili, wakirekodi kwenye chumba cha chini ya nyumba kule Akron, Ohio. Walipokuwa wakubwa wakaanza kupanda jukwaani na wapigaji wa ziada. Kama wawili wanatosha, wale wa nyuma wanafanya nini?

Kijana wa Maryhill:
Mzee, tatizo ni ukubwa wa ukumbi. Bendi ya wawili nenda ukaione King Tut's, St Vincent Street, wanaingia watu 300 hivi. Ndipo bosi wa lebo ya muziki alipoikuta bendi ya Oasis mwaka 1993. Ngazi za kupandia zimeandikwa majina ya waliopiga hapo, mwaka kwa mwaka, unapanda unasoma. Mimi nilisimama karibu mpaka nikaona fimbo ya dramu ikipasuka, vipande vikaruka, jamaa akavuta nyingine bila kupoteza pigo. Mwenzake hakugeuka, alitikisa kichwa tu, wakaingia kiitikio pamoja. Huwezi kuyaona hayo ukiwa umekaa kule juu kwenye Hydro, ule ukumbi mkubwa. Bebeni vizibo vya masikio lakini, nililala na mluzi kichwani.

Mwanzisha mada:
Mzee wa Rizimu hoja yako naipokea nusu. Nyimbo za katikati hata mimi nilichoka, nikaenda chooni, na chooni kuta zilikuwa zinaimba. Sasa namtafuta mtu mmoja: aliyewaona The White Stripes kabla hawajavunja bendi 2011. Jack na Meg, nguo nyekundu na nyeupe. Kama upo humu, shuka na kisa chako, picha hata kama ina ukungu weka.