Skrini ya 16x2 kwenye Arduino Uno: viboksi mstari wa juu, herufi hazitoki

MajiMkomani (Lamu):
Assalaam aleikum mafundi. Nina skrini ya herufi 16x2 (herufi 16 kwa mistari 2) yenye chipu ya kuiendesha ya HD44780, bila kibao cha I2C (kile cha kupunguza nyaya), ya kuonyesha kiwango cha maji ya tangi la juu ya paa. Taa ya nyuma inawaka, mstari wa juu una viboksi vyeusi, wa chini mtupu. Nikizungusha potenshiometa ya kilo-omu 10 viboksi vinafifia na kurudi, basi. Kwenye Arduino, RS (ya kutofautisha amri na herufi) iko pini 12, E (ya kuiambia skrini ipokee) pini 11, D4 hadi D7 (za data) ziko 5, 4, 3, 2. RW (ya kuchagua kusoma au kuandika) sikuiunga popote. Bodi hiyohiyo inaendesha rilei (swichi ya umeme) ya pampu.

FundiLangoni:
Waalaikumu salaam. Iache potenshiometa, kontrasti yako ni nzima. Skrini ikipata umeme hujiweka yenyewe kwenye hali ya mstari mmoja, ikingoja amri za kuanzishwa. Viboksi vya juu peke yake maana yake ni kwamba amri za `lcd.begin(16, 2)` hazijaifikia. Kwa hiyo tafuta kwenye RS, E, RW na D4–D7, si kwingine.

Anza na RW, pini ya 5 ya skrini: iunge grauni. Ikining'inia, skrini yaweza kudhani inasomwa. Haitapokea unachoandika, na itasukuma umeme wake kwenye nyaya ambazo Arduino nayo inasukuma wake. Hilo si la kuacha hata siku moja.

Pili, hakikisha D4 umeihesabu kuwa pini ya 11 ya skrini na D7 ya 14. Pini za 7 hadi 10 hubaki wazi, na wengi huchomeka hapo. Mpangilio kwenye programu uwe `LiquidCrystal lcd(12, 11, 5, 4, 3, 2);`.

Tatu, je, safu ya pini umeilehemu, au imepenyezwa tu kwenye matundu? Zima umeme, weka mita kwenye mlio (inalia waya ukiwa mzima), ncha moja kwenye shaba ya skrini yenyewe, nyingine kwenye pini ya Arduino. Kila waya ulie, na pini jirani zisilie pamoja.

Elektroniki_Malindi:
Ndugu, upepo wetu wa chumvi usiusahau. Pini zikiota kijani, zisugue kwa mswaki na spiriti safi ya isopropili, zikauke, ndipo ulehemu. Bredibodi (ubao wa kuchomeka nyaya bila kulehemu) kwa kazi ya kudumu pwani siishauri kabisa: vibano vyake hushika kutu ndani, usipopaona.

MajiMkomani:
Shukran. RW nimeiunga grauni, na D7 haikulia: ilikuwa haijashika risasi ya kulehemu. Sasa herufi zinatoka vizuri. Lakini pampu ikiwaka au kuzimika, zinageuka alama zisizosomeka mpaka nibonyeze riseti.

FundiLangoni:
Hiyo ni kelele ya umeme. Kwa nyaya nne za data, D4 hadi D7, kila herufi hutumwa vipande viwili vya biti 4. Kelele ikigusa E, skrini huhesabu kipande cha ziada, na kuanzia hapo nusu ya herufi hii inaungana na nusu ya inayofuata. `lcd.clear()` haitakusaidia, kwani nayo hupita njia hiyohiyo iliyopinda.

Weka kapasita ya nanofaradi 100 na nyingine ya maikrofaradi 100 kati ya pini 1 na 2 za skrini (grauni na volti 5), nyuma yake kabisa. Kama rilei ni tupu, yaani haiko kwenye kibao chenye transista na dayodi zake, koili yake iendeshe kwa transista, na uweke dayodi 1N4007 sambamba na koili, mstari wa dayodi ukielekea chanya. Nyaya za skrini zisizidi sentimita 20, zisipite sambamba na za pampu.

Elektroniki_Malindi:
Na koili ipewe volti 5 zake, isinyonye kutoka pini ya 5V ya Uno, grauni ziungane. Pampu ikiwa ya umeme wa nyumbani, kizuia-kelele cha RC (kipingamizi na kapasita) kilichotengenezewa volti 240 kikae sambamba na injini. Hapo mwite fundi umeme, usijaribu kwa mkono wako.