Tupeane uzoefu: nani kafika kwenye bustani za masultani Unguja?

Wakuu habari za Jumapili. Mwezi uliopita nilivuka na mama yangu na wanangu wawili, boti ya asubuhi, nikasema safari hii hatuishii Forodhani kula urojo, lazima nifike Maruhubi, kwenye magofu ya kasri la sultani. Tukadandia daladala ya Bububu pale Darajani, konda akatushusha, ni kama kilomita 4 tu toka mjini.

Ukiingia unakuta nguzo nene zimesimama hazina paa, asiyejua anapiga picha mbili anaondoka. Zile ndo zilibeba ghorofa ya juu ya jumba la Sultan Barghash, lilijengwa 1880 mpaka 1882, likaungua 1899. Ila mimi kilichonishika ni maji jamani, kuna mabwawa ya mawe yameota mayungiyungi, kuna mabaki ya mifereji ya kuleta maji mpaka kwenye hamamu (nyumba ya kuogea), mama akapitisha kiganja kwenye ukingo taratibu akasema "mafundi walikuwepo", halafu akaenda kukaa chini ya mwembe na hakutaka kuondoka. Miembe ya pale inasemekana alipandisha Barghash mwenyewe, na ukuta wa bustani aliiga kuta alizoziona Uingereza alipoenda 1875. Nilivyomwambia mama akaupapasa mwembe kama anamsalimia mtu mzima.

Nani mwingine kafika? Tupeane uzoefu.

Mama Tabata: Mkuu hongera kumpeleka mama. Ungesogea mbele kidogo ufike Mtoni, ndo kasri kongwe zaidi, la Sultan Seyyid Said baba yake Barghash, na binti yake Bibi Salme kazaliwa pale 1844. Mwenyewe kaandika uani kwao walikuwa wanatembea tausi, paa na mbuni. Mi nilisimama kwenye ule ua na binti yangu wa darasa la sita, akaniuliza mama mbuni walikuwa wanalala wapi, tukaanza kutafuta kona moja moja mpaka jua likawa kali. Sijawahi kumuona anapenda historia vile.

Kijana wa Mbagala: Mimi Kidichi, kwenye hamamu aliyojenga Seyyid Said 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi. Dereva aliyetupeleka alituharakisha, dakika kumi tu honi, nikaumia sana maana mule ndani inabidi utulie macho yazoee kiza ndo unaanza kuona ndege na maua yaliyochongwa kwenye chokaa ukutani. Nikarudi kesho yake peke yangu. Mkienda elewaneni na dereva muda kabla hamjapanda, na mbebe tochi.

Mwanzisha mada: Asanteni sana ndugu zangu. Mama Tabata, pale Mtoni kuna ngazi nyingi? Magoti ya mama yanamsumbua ila kashaanza kuniuliza tunarudi lini.

Mama Tabata: Uani ni chini tu, atafika. Mpeleke mapema jua halijapanda.