Tupeane uzoefu: Watu wa ambulensi Uganda, presha ya zamu za mlipuko mnaimudu vipi?

Mpokea Simu
Basawo (madaktari na wauguzi), madereva, wahudumu wa gari, hamjambo. Korona ilithibitishwa nchini Machi 2020, Ebola ikaibuka Mubende Septemba 2022, ikarudi Kampala Januari 2025. Katikati hapo semina za "kuvumilia" zimekuwa nyingi, na nyingi zimeishia kwenye soda na picha ya pamoja. Uzi huu si wa kulia. Leteni vinavyopimika: lita, dakika, hatua, na mahali panapoharibika. Presha nyingi ya kwenye gari haitoki kwa mgonjwa, inatoka kwa kitu ambacho hakikukaguliwa asubuhi.

Dereva wa Mubende
Naanza na oksijeni, maana hakuna kinachotoa jasho kama geji inayoshuka na Mityana, mji ulio njiani kwenda Kampala, bado hujaiona. Hesabu ifanyike gari likiwa limesimama: lita kwa dakika mara dakika za safari, kisha ongeza nusu yake kwa ajili ya foleni na kusubirishwa getini. Mubende hadi Kampala weka saa 3, yaani dakika 180. Mgonjwa wa lita 10 kwa dakika atakula 1,800. Ongeza 900, ni 2,700. Mtungi wa saizi F uliojaa una lita 1,360, kwa hiyo beba miwili, na hapo umebakiza lita 20 tu za kujivunia. Ule mdogo wa E una lita 680. Kwa barakoa yenye mfuko, ukifungua lita 15, dakika 45 umekwisha. Geji ikisoma nusu, lita nazo ni nusu. Wengi wakiona sindano bado iko kwenye kijani wanaridhika.

Panapoharibika: ufunguo wa mtungi umebaki kwenye gari lingine, au washa (kile kipete kidogo cha kuziba) ya kati ya mtungi na kidhibiti imepasuka, gesi inavuja "sss" nawe unadhani ni tairi. Ufunguo ufungwe kwa kamba kwenye mtungi wenyewe, na washa mbili za akiba zikae kwenye kifuko cha glavu. Hata ikifunguka kwa shida, msipake grisi wala mafuta. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inawaka.

Halafu simu. Juni 2021, korona ilipofanya mitungi iwe ya kugombaniwa, kufika bila kuuliza kulikuwa kamari. Piga kabla ya kuondoka, uliza kitanda na uliza oksijeni, kila kimoja peke yake, kisha andika jina la aliyejibu na saa. Kitanda bila oksijeni ni godoro tu.

Nnyabo wa Arua
Kaka dereva, na mgonjwa wa lita 15 kwa hizo hizo saa 3?

Dereva wa Mubende
2,700, ongeza 1,350, ni 4,050. Mitungi mitatu ya F, dada. Kama ipo miwili, waambie wanaomtoa mgonjwa mapema, msikubaliane barabarani.

Muuguzi wa Wodi ya Kutengwa
Upande wa mavazi ya kinga. Katika Ebola ya 2022 wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na 7 walikufa, kwa hiyo hofu ya kuvua ovaroli si ya kijinga. Dawa yake ni kuvua polepole, na mtu wa pili amesimama hatua mbili kutoka kwako akikusomea kwa sauti. Utaratibu: aproni, kifuniko cha kichwa, ovaroli pamoja na glavu za nje, miwani, barakoa, gambuti, mwisho glavu za ndani. Kati ya kila hatua osha mikono yenye glavu. Miwani unavua umeinama kidogo, macho umefumba, ukivuta mkanda kutoka kisogoni. Barakoa ya N95, mkanda wa chini kwanza, kisha wa juu, iache iangukie mbele. Kosa linalojirudia ni mkono kwenda usoni kufuta jasho punde tu miwani inapotoka. Msomaji ndiye wa kusema "mikono chini!", na asione aibu hata kama anayevua ni daktari mkuu.

Joto nalo linachanganya akili kuliko watu wanavyodhani. Ndani ya ovaroli isiyopitisha hewa usizidi saa moja. Kunywa nusu lita ya maji kabla, na ukitoka kunywa ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), pakiti moja kwa lita moja ya maji. Ukianza kusoma lebo mara mbili bila kuielewa, au kizunguzungu kikaja, usisubiri mgonjwa amalizwe: mguse mwenzako begani mara mbili, tokeni wote. Kwenye gari fungua madirisha, na kitufe cha feni kisiwe kwenye kuzungusha hewa ile ile ya ndani.

Mpokea Simu
Asante dada. Na vile vikao vya baada ya tukio baya? Huku wakubwa wanataka kila mtu asimame aeleze alivyojisikia.

Afisa wa Afya ya Akili
Hapo napinga moja kwa moja. Kumlazimisha mtu asimulie upya kitu kibaya saa chache baada ya kukiona, kwenye kikao kimoja cha pamoja, hakumkingi na madhara, na hata Shirika la Afya Duniani (WHO) halishauri. Fanyeni dakika 10 za kazi: nini kilitokea, nini kilifaa, nini kirekebishwe kabla ya zamu ijayo, nani aangaliwe kesho. Anayetaka kusema zaidi aseme na mtu mmoja anayemwamini. Anayetaka kunyamaza apewe chai.

Kukosa usingizi siku chache, kushtuka ukisikia king'ora, kununa, hayo ni ya kawaida na mara nyingi hupungua. Yakizidi mwezi, au mtu akianza kuwaita wagonjwa "mizigo", au chupa ikawa ya kila siku, si uchovu tena. Tumieni dodoso la maswali 9 la kupima sonona, PHQ-9: jumla ikifika 10, mtu aonwe. Swali la 9 linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote lisilo sifuri lishughulikiwe siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake. Zaidi ya Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Kampala, hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, hakuna haja ya kupanda basi hadi Kampala.

Nnyabo wa Arua
Mimi nasemea usingizi, maana ndio unaotuibia. Kafeini, baada ya saa 5 hivi nusu yake bado imo mwilini, kwa hiyo kahawa ya mwisho isipite saa 8 usiku kama unataka kulala saa 2 asubuhi. Tena ulale mara tu ufikapo, msianze kufua. Nyumba ya mabati ikifika saa 5 mchana ni tanuri. Leso nene dirishani, nyingine iliyoloweshwa ikamuliwe itundikwe mlangoni, beseni la maji kwa miguu. Katikati ya zamu, dakika 20 za kusinzia kwenye kiti zinatosha. Ukipitiliza hadi dakika 40 unaamka mzito kuliko ulivyolala. Waragi, pombe yetu kali, inalaza haraka, kweli, na baada ya saa 2 au 3 macho makavu.

Mzee wa Malaba
Wanaopanga zamu wasome hapa. Kafyu ya 2020 ilianza saa 1 jioni hadi saa 12:30 asubuhi, na boda zilikatazwa abiria. Ikija tena kafyu kama hiyo na zamu ikibadilishana saa 1 jioni, anayetoka anaingia moja kwa moja mikononi mwa kizuizi. Sogezeni iwe saa 11 jioni, na gari la kuwasambaza watu liwe kwenye ratiba, si kwa hisani ya dereva. Barua ya kazi iwe na tarehe na mhuri, nakala mbili. Na huku mpakani na Kenya, wakati wa korona, foleni ya malori ilipokuwa ndefu wakisubiri majibu ya vipimo, tuliokuwa tunaongea Kiswahili ndio tuliogeuzwa ukuta wa kutukaniwa. Pangeni wawili wa kujibu madereva, wapokezane kila saa 2. Posho sizungumzii, nitaharibu uzi.

Muosha Gari
Swali dogo tu. Klorini iliyobaki jana kwenye jerikeni, inafaa kuoshea gari leo?

Muuguzi wa Wodi ya Kutengwa
Mwaga. Jua na joto vinaila, harufu inabaki ikikudanganya. Soma lebo ya Jik. Ikiwa 3.5%, lita 2 za Jik kwa lita 12 za maji, unapata 0.5% ya kuoshea gari. Iache juu ya kitanda dakika 10 kabla ya kufuta. Ya mikono ni lita 1 ya hiyo kwa lita 9 za maji. Usichanganye na sabuni ya choo yenye asidi, utajifukiza. Andika tarehe na saa kwenye plasta, bandika kwenye jerikeni.

Muosha Gari
Nimemwaga, nnyabo. Plasta ipo.