Paka mzee meno yanamuuma hataki kula, tupeane uzoefu

mama_shume:
Wakuu habari za jioni. Nina paka jike, kazaliwa hapa hapa kwetu Tandika kipindi mdogo wangu yuko la tatu, sasa hivi huyo mdogo wangu ana mke na mtoto anatambaa, kwa hiyo umri wa paka pigeni hesabu wenyewe. Siku hizi akisikia tu napaa samaki anakuja mbio mpaka anajigonga kwenye ndoo, nikimwekea ananusa, analamba kidogo, mara anaruka nyuma anaifokea sahani utadhani imemng'ata, halafu anaanza kujikwangua mdomo na mguu wa mbele. Udenda unamtoka, mdomo unanuka, na manyoya ya mgongoni yameanza kushikana sababu hajilambi tena. Nimemmulika na tochi ya simu, fizi nyekundu, magego yana gamba la kahawia.

Hapa nyumbani wanasema kadekezwa, kakinai, mwache njaa itamfundisha. Mimi nakataa. Aliyekinai hakimbilii sahani. Daktari wa mifugo tunamuona keshokutwa, ila mpaka hiyo keshokutwa huyu bibi ale nini? Mliopitia hii kitu semeni mlimpa nini, mlipikaje, na kama mlimng'oa meno iliishaje.

Mvuvi_Mstaafu:
Pole dada. Wangu ni dume, zamani shume kweli kweli linapiga paka wa mtaa mzima, uzee ukamkuta na meno mabovu. Huku Kigamboni kilichomuokoa ni vibua. Nachemsha kwa maji matupu, hakuna chumvi, hakuna ndimu, na kitunguu usiguse kabisa hata kile cha kuleta harufu tu, maana kitunguu maji na kitunguu saumu vyote vinaharibu damu ya paka. Vikiiva nachambua kwa vidole sio kwa macho, ile miba ya ubavuni inajificha sana, halafu minofu pamoja na supu yake naingiza kwenye blenda mpaka iwe ya kulamba tu, hakuna cha kutafuna. Kinachobaki namimina kwenye trei za barafu naweka friza.

Wakati wa kumpa unatoa vipande vyako unaweka kwenye kibakuli, kibakuli unakikalisha kwenye sufuria ya maji ya moto, unakoroga, ukijidondoshea nyuma ya kiganja usikie uvuguvugu. Cha baridi hagusi. Kwanza jino bovu linashtuka, pili paka anakula kwa pua, sasa chakula cha friji kina harufu gani? Na changanya na moyo wa kuku, samaki peke yake kila siku hamtoshi.

jirani_mkorofi:
Mimi gego linaniuma tangu Ramadhani sijaenda hospitali, nyie mnasagia paka vibua kwenye blenda 😂😂 ni ile ile ya juisi?

Mvuvi_Mstaafu:
Ile ile. Inaoshwa.

mtoto_wa_Mkunazini:
Asalaam aleikum. Mimi nachangia upande wa visivyopakwa. Huku Unguja jino likiuma mkono unakwenda kwenye karafuu kabla ya dawa yoyote, na bibi yangu kwa huruma zake alishashika pamba ina mafuta ya karafuu anataka kumpaka paka fizini, nikamuwahi. Mafuta ya karafuu kwa paka ni sumu jamani, ini lake haliwezi kuyavunja kama letu. Nikamwambia bibi basi msomee tu, akamsomea, asubuhi tukampeleka kwa daktari.

Na huko ndo kichekesho, kumbe hata jino halikuwa. Mfupa wa kuku ulijibana kaakaani, umelala kutoka magego ya upande huu mpaka upande ule, hauonekani mpaka ufunue mdomo wote. Ukachomolewa, jioni yake kala vizuri tu. Kwa hiyo mama_shume ukimmulika tena angalia na juu, watu wengi tunaishia kuangalia chini.

fundi_wa_mifugo:
Nasaidia kwenye kliniki ya mifugo hapa Morogoro, sio daktari ila nimeshika paka wengi sana wakifunguliwa midomo, niongezee.

Paka mzima ana meno 30, na ana ugonjwa wake wa meno ambao binadamu hatuuoni sana, jino linaanza kuliwa lenyewe taratibu pale linapokutana na ufizi au huko kwenye mzizi. Kwa nje unaona kama kitundu chekundu au nyama ya ufizi imepanda juu ya jino, watu wanadhani ni damu tu. Daktari akigusa pale na kifaa chake taya linatetemeka, tena wakati mwingine hata paka akiwa kalazwa kwa dawa. Sasa fikiria ndo anatafuna punje kavu za chakula cha paka na hilo jino. Wapo pia ambao fizi zote zinawaka mpaka nyuma kooni, hao hata kupiga miayo wanalia.

Kwa hizi hali zote mbili antibayotiki peke yake inatuliza halafu inarudi, kwa sababu jino bovu bado limekaa pale pale. Mwisho wake mara nyingi ni kung'oa, na chakula laini ni cha kumvusha tu mpaka siku hiyo, sio tiba. Hili nalisema kwa sababu tunaona watu wanasaga samaki mwaka mzima wakidhani wamemaliza kazi, paka anakula ndiyo, lakini anakula na maumivu yake.

Jingine, PANADOL HAPANA. Hata kipande cha kidonge kinaweza kuua paka, damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi kama za udongo, uso unavimba. Brufen na diklofenaki nazo hapana. Dawa ya maumivu ya paka ipo, inapimwa kwa uzito wake, na akiwa mzee daktari makini anaangalia figo kwanza.

Na hao wa "njaa itamfundisha" waambie kwa heshima waache. Paka asipokula kitu siku mbili tatu mafuta ya mwili yanahamia kwenye ini, ini linachoka, anaanza kuwa wa njano. Na mnene ndo yuko hatarini zaidi, sio mwembamba.

mama_shume:
Hapo kwa njaa nimemsomea baba kwa sauti. Kanyamaza anaangalia taarifa ya habari.

paka_wawili_254:
Poleni sana. Mimi niko Nairobi, wangu alitolewa karibu meno yote akiwa mzee hivyo hivyo. Nilikuwa naogopa ile dawa ya kumlaza kuliko kitu ingine yoyote, nikajiambia huyu nikimpeleka sitarudi naye. Daktari akaniambia hatumlazi kabla ya kupima damu, figo na ini zikisoma vizuri tunaenda, zikisoma vibaya tunakaa chini tunaongea. Wakampiga eksirei ya mdomo pia, na ile eksirei ndio ilionyesha mizizi imeharibika mahali jino kwa juu lilikuwa linakaa zima kabisa.

Alirudi amelewa dawa anatembea akigonga ukuta, nikamfungia kwa chumba kimoja asiruke juu ya kitu. Nikasaga kuku na supu yake, nikaweka hapo nikaenda zangu, kurudi sahani imelambwa inang'aa. Hata nilidhani ni ule mwingine amekula, lakini ule mwingine alikuwa nje! Saa hii huyu mzee ni kibogoyo na anakula hata punje kavu, anazimeza nzima nzima, tena anamnyang'anya mwenzake. Meno ya paka si ya kusaga kama yetu, ni ya kukata tu, kwa hivyo ile hofu ya "atakula na nini" itoe kwa kichwa.

Ulizia bei yote mbeleni lakini, kuna mahali wanahesabu kwa jino, eksirei kando, damu kando.

jirani_mkorofi:
Ok hapa kwa kibogoyo anayenyang'anya wenzake mmenishika. Nafuatilia.

bint_Maskati:
Naandika kutoka Maskati, huku paka wa mtaani ni wengi na sisi tumechukua wazee tu, vijana wanajitafutia. Kuhusu sirinji maana najua mtu ataitaja, inasaidia ila sio kitu cha kukimbilia. Unamviringisha taulo abaki kichwa, ile sirinji isiyo na sindano unapitisha pembeni ya shavu nyuma ya chonge, unasukuma kidogo sana, unangoja ameze ndo unaongeza, na kichwa usikiinue juu, kikikaa juu chakula kinaingia kwenye mapafu hapo umeleta ugonjwa mwingine. Sasa paka mwenye mdomo mbovu ukimfanyia hivyo kwa nguvu kila saa anaanza kukukimbia wewe na chakula vyote pamoja, ndo maana mimi naanza na kidole, nampaka tone kwenye mdomo wa juu ajilambe mwenyewe, mara nyingi ile ladha inamwamsha. Vile vipaketi vya kulamba vinavyouzwa vya paka navyo vizuri kuanzia, sio vya kushibia.

Zile chupa za nyama za watoto wachanga watu wanazisifu, sawa, lakini soma nyuma ya chupa, nyingine zina unga wa kitunguu. Sahani iwe bapa asiingize uso wote. Na dawa USICHANGANYE kwenye chakula anachokipenda, akigundua uchungu mara moja hicho chakula kimekufa, hatakigusa tena na ndo ulikuwa umebaki nacho hicho hicho. Mwisho muulizeni daktari dawa ya kuleta hamu ya kula, kuna ya kupaka ndani ya sikio, hata mdomo humgusi.

mama_shume:
Jamani nimerudi. Usiku ule alilamba vibua vya mzee wa Kigamboni, mara ya kwanza kidogo, alfajiri nikasikia anapiga kelele jikoni anataka tena. Daktari kamuona, amesema magego mawili ya juu na moja la chini hayafai, damu wamechukua, kapewa dawa ya maumivu ya kupimwa na sirinji ndogo ile. Kung'oa ni wiki ijayo majibu yakiwa sawa. Kanipa kazi ya kumpima uzito kila wiki, anasema kwa paka wa kilo nne, ikipungua nusu kilo ni nyingi sana ila kwa macho huioni kwa sababu ya manyoya. Napata wapi mzani mdogo Kariakoo?

jirani_mkorofi:
Jipime wewe kwenye mzani wa kawaida ukiwa umembeba, halafu jipime bila yeye, utoe. Mzani wa duka la dawa pale utapima bure.

fundi_wa_mifugo:
Mzani wa kujipima watu unaruka gramu nyingi, kwa paka chukua ule wa jikoni, mweke kwenye beseni, uzito wa beseni utoe.

mgeni_wa_leo:
Samahanini nimedandia. Wangu mzee pia, mdomo unanuka na hali vizuri, ila huyu anakunywa maji mno, anafuata mpaka ndoo ya kuoshea vyombo, na mkojo umekuwa mwingi. Nianze na vibua?

fundi_wa_mifugo:
Wako usiishie mdomoni. Maji mengi na mkojo mwingi kwa paka mzee inaweza kuwa figo au sukari, na figo zikichoka zenyewe zinatoa vidonda mdomoni na harufu kali kama ya mkojo. Mpeleke apimwe damu na mkojo wiki hii. Chakula laini mpe, maji usimpunguzie hata kidogo.